Koti la Kahawia la Hólger Yerovi

Koti la kahawia la Hólger Yerovi lilitoweka Jumanne, na kabla ya chakula cha mchana mwenyewe alikuwa ameshalitangaza kwenye blogu yake, kwa maelezo marefu kuliko yote aliyowahi kumwandikia mkewe walipokuwa wachumba. Alieleza kola, kiraka cha kiwikoni, vifungo viwili vya asili na kimoja cha kuazima. Akamalizia kwa adabu yake ya siku zote: "Mwenye kuliona anifahamishe. Simtuhumu mtu."

Mtaa mzima ulisoma. Mtaa mzima ulijua koti liko wapi. Hakuna aliyefungua kinywa.

Hólger ni fundi wa meno ya bandia. Karakana yake iko chini ya chumba changu, na kelele ya kimashine chake cha kusugulia meno ndiyo inayoniamsha siku za shule. Ni mtu wa kuomba radhi kabla hajakosea. Akikutana nawe njiani hukutazama mdomo kwanza, macho baadaye; ndivyo kazi ilivyomzoesha. Blogu alifunguliwa na bintiye Maribel, alipokuwa anaondoka kwenda kusoma jijini Guayaquil, ili baba aache kumpigia simu kila siku kumweleza hali ya hewa. Akaiita "Asubuhi Hapa Kwetu". Anaiandika wakati plasta inakauka. Ukishamwaga plasta kwenye chapa ya ufizi wa mtu huna la kufanya ila kungoja, na Hólger katika kungoja huko aliandika: mlima wetu Chimborazo umeonekana au haukuonekana, moshi wa kwanza umepanda saa ngapi, mbwa wa kike anayelala mlangoni pa benki amehamia upande wa jua. Jumapili plasta hakuna, kwa hiyo aliandika asubuhi nzima.

Wasomaji wake walikuwa Maribel, aliyedai anasoma, mama mmoja wa mtaani kwetu aitwaye Piedad, aliyehamia New York zamani na ambaye kila siku aliuliza swali moja, "Mlima umeonekana?", na mimi. Nilipenda kuisoma jioni. Haikuwa na habari yoyote, na zipo jioni ambazo mtu hahitaji habari.

Balaa lilianza Novemba. Jumapili moja Hólger alirudi kutoka sokoni na nyama ya nguruwe wa kuoka wa Rosaura, mwuza nyama wa mtaa wetu, akala, akaandika kwamba ngozi ya nguruwe huyo, ile inayovunjika mdomoni kama kaki na ambayo ni fahari ya mtaa wetu, "siku hizi imekuwa nyembamba hata mtu akiishika juu anaweza kuuona mlima kupitia kwake". Alidhani anausifu mlima.

Piedad akawasomea dada zake kule New York. Dada zake wakawaambia wenzao. Jumatatu asubuhi Rosaura alikuwa mlangoni pa karakana, aproni kifuani, kisu cha kukatia nyama mkononi.

"Hólger! Toka huko ndani ya midomo ya watu!"

"Karibu, Mama Rosaura."

"Sikaribii. Nguruwe wangu anaonyesha mlima? Na New York nayo anaionyesha? Maana dada yangu kanipigia kutoka huko, analia, ananiuliza kama nimefilisika!"

"Nilikuwa nasifu..."

"Sifa hiyo kampe mama mkwe wako!"

Ingekuwa mwuza nyama mwingine, yangekwisha. Lakini Rosaura ndiye aliyemshika Maribel siku ya ubatizo, kwa hiyo yeye na Targelia, mke wa Hólger, ni makomadre, na ukomadre kwetu una uzito kuliko udugu wa tumbo moja, kwa sababu ndugu hukumchagua. Rosaura alikata salamu. Jumapili Targelia akifika kwenye meza yake, nyama ilikuwa "imeshaagizwa yote". Targelia alirudi nyumbani na kuku.

"Nampita komadre wangu kama ninavyoipita benki," alimwambia mumewe, na mimi nikasikia kwa sababu sakafu yangu ni mbao. "Natazama, sina changu. Sikiliza, Hólger. Mwaka ukiungua, na hiyo blogu iungue nao. Sitauanza mwaka mwingine kwa kuku."

Hólger alikubali. Yeye hukubali kila kitu. Lakini siku moja nilishuka kuomba chumvi nikamkuta ameketi mbele ya plasta mbichi, mikono magotini, kompyuta imefungwa.

"Mwakani plasta ikiwa inakauka utafanya nini?" nikamwuliza.

Akafikiri. "Nitaitazama, Mwalimu. Watu wengi huitazama tu."

Nilipanda ngazi bila chumvi.

Sasa, mwaka kwetu hauishi wenyewe, lazima uchomwe. Kila Desemba mtaa hushona mtu wa maranda, humvika nguo kuukuu, humweka kitini pembeni mwa njia kama Mwaka Mzee, na usiku wa mwisho humtia moto. Kabla ya hapo husomwa wasia wake, wa kuwacheka majirani wote. Kwa kawaida tunachoma waziri au kocha wa mpira. Mwaka huu Rosaura alikwenda kwenye kamati, ambayo ni yeye, mumewe Klever na kinyozi, akapendekeza Hólger. Hakuna aliyepinga, kisu alikuwa nacho.

Kisha akaja kwangu, kwa kuwa wasia ninauandika mimi kila mwaka.

"Mwalimu, safari hii pumzika. Wewe una huruma mno. Mwaka jana tulimchoma kocha watu wakitoa machozi. Nionyeshe tu hicho kiblogu kinafunguliwaje, nitafute maneno yake nimpige nayo."

Nikamwonyesha kwenye simu yake. Akaanza kusoma tangu siku ya kwanza, jioni baada ya jioni, huku anakanda nguruwe kwa vitunguu saumu na bizari. "Anaandika sana huyu mtu," aliniambia, kama anayelalamikia tumbo. Siku nyingine akanisimamisha ngazini.

"Huyu mbwa wa benki, ndiye yule yule wa tangu mwanzo?"

"Ndiye."

"Mh. Kavumilia."

"Kumbe unasoma, Mama Rosaura."

"Sisomi! Natafuta makosa."

Mwaka Mzee akiwa mtu wa mtaani huvikwa nguo zake mwenyewe, na nguo za Hólger alizitoa Targelia. Alidhani ndiyo njia ya kumlainisha komadre wake. Lakini namna alivyolikabidhi lile koti, kwa mikono miwili, bila kulitazama mara ya pili, ilionyesha kuna nadhiri ya siku nyingi aliyokuwa anaiondoa.

Kwa hiyo Jumanne likapotea koti. Jumatano suruali ya kijivu. Alhamisi kofia. Na Hólger kila siku, plasta ikikauka, akatangaza. Majirani ambao hawakuwahi kuifungua blogu wakaacha maoni.

"Jirani, tazama vizuri, labda umelivaa," aliandika Klever.

"Mimi nimeliona koti kama hilo limekaa kitako linaota jua," aliandika kinyozi.

"Ndugu yangu, huko kumeingia wezi?" aliuliza Piedad. "Na mlima umeonekana?"

Hólger alimshukuru kila mmoja kwa jina. Utashangaa: mtu aliyeshona Mwaka Mzee kila Desemba tangu utotoni, hakung'amua hata kwenye suruali? Nami nilishangaa, mpaka nikaelewa kwamba Hólger aliamini kabisa kuwa wanaochomwa ni watu muhimu.

Ijumaa alipanda kwangu, soksi mguuni, kwa sababu viatu navyo vilikuwa vimeondoka.

"Mwalimu, wasomaji wa blogu wamefika mia tatu."

"Hongera, jirani."

"Mia tatu, kwa suruali." Akaketi kwenye ngazi. "Na kesho naifunga. Ingekuwa bora wasingekuja. Mtu akifunga duka tupu haumii."

Nilikuwa na ulimi mdomoni na siri ya mtaa mzima juu yake. Nikampa chai.

Jumamosi, siku ya mwisho ya mwaka, Hólger alitoka mchana kununua mkate, amevaa viatu vya mkewe vya bustanini, akajikuta. Alikuwa ameketi pembeni mwa duka la kinyozi, tumbo la maranda, koti la kahawia limefungwa kwa kifungo cha kuazima, kofia imeinama, kompyuta ya boksi mapajani. Mdomoni walikuwa wamempachika meno mabovu kutoka pipa la karakana yake mwenyewe. Kando yake Klever, masharubu na yote, kavaa gauni jeusi na shela ya mjane wa Mwaka Mzee, kama desturi, anasimamisha magari kuomba sarafu.

"Nisaidieni, wapita njia! Kaniacha na watoto sita, na intaneti sijalipa!"

Watu wakageuka kumtazama Hólger. Yeye akaitazama sanamu, mdomo kwanza.

"Taya la chini mmeliweka juu," akasema.

Akasogea, akalirekebisha, akarudi nyuma. Nilimwona uso ukibadilika taratibu, lakini kubadilika kwenda wapi sikuweza kusema.

Jua lilipoanza kulegea, vikombe vya kanelaso, pombe ya miwa iliyochemshwa na mdalasini, vikizunguka, Rosaura alipanda juu ya kreti la bia na karatasi yake.

*Hólger nimeshajifia, wasia nauandika,*
*Mlima namuachia Piedad wetu Amerika,*
*Kutwa anaulizia kama wingu lavunjika,*
*Macho nimeyafukia, mlima wajifunika.*

Watu wakapiga kelele. Kinyozi akaachiwa soksi za marehemu azitumie kama taulo, maana zimefanana. Mimi nikaachiwa makosa yote ya nukta na mkato niyasahihishe mpaka nistaafu. Targelia akaachiwa nafasi tupu kwenye kabati, "aliyoiomba kwa Mungu tangu arusini".

Hólger akageuka. "Ni wewe uliyetoa koti?"

"Tangu Maribel ananyonya nalitazama, Hólger. Tangu ananyonya!"

Kisha Rosaura akaacha vina. Akaikunja karatasi, akaifunua tena.

"Jicho langu," akasoma, "namwachia Klever, mume wa Rosaura. Maana mimi niliyekufa nimeandika kila siku moshi wa kwanza wa mtaa ulipopanda, nao ni wa tanuri ya Rosaura. Niliandika siku uliyochelewa. Niliandika siku kuni zilipokuwa mbichi. Wiki aliyougua niliandika kwamba asubuhi haikufika." Akakohoa kwa hasira. "Klever, wewe unalala kitanda hicho hicho! Unajua lipi?"

"Mimi ni mjane, mama," akasema Klever chini ya shela. "Usinisute mbele ya maiti."

Watu walicheka mpaka kanelaso ikamwagika. Mimi sikucheka sana. Nilikuwa nawaza jinsi mtu anavyoamka gizani miaka na miaka kuwasha moto wake, akidhani yuko peke yake.

"Sasa ngozi," Rosaura akasema. "Hólger, njoo hapa. Jumapili unafika sokoni saa ngapi?"

"Saa sita, Mama Rosaura. Nikishamaliza kuandika."

"Jamani mmesikia? Saa sita! Ngozi nene inaisha saa tatu! Saa sita nakukwangulia kitako cha nguruwe, na nashukuru kama kitako kipo. Nguruwe wangu hajakonda. Wewe ndiye mchelewaji, unaandika mawingu!"

Hólger akainamisha kichwa. "Nimekosa. Wala sikuwaza hivyo."

Targelia akaona mlango umefunguka, akaingia haraka. "Basi, komadre, yaishe. Na nimeshamwambia: leo kila kitu kinaungua. Blogu anaifunga leo."

"Anafunga nini?"

"Blogu."

"Nani kaagiza?"

"Mimi. Kwa ajili yako!"

Rosaura akashuka kwenye kreti. "Komadre, mimi nilitaka achomwe. Kufungwa sikusema. Na yule mbwa wa benki je? Jumatano kaandika, katikati ya suruali, kwamba ana mimba. Sasa anafunga! Nitajuaje amezaa wangapi? Nikalale benki?"

"Wewe si ulisema husomi?" nikamwuliza.

"Mwalimu, usinitafute."

Hólger alikuwa anawatazama wanawake hao wawili, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayesubiri plasta ishike. Targelia alikunja mikono, akaikunjua, akamtazama komadre wake.

"Na kuku?" akauliza.

"Kuku kawape paka. Jumapili saa mbili mje wote wawili, mle kwanza, aandike baadaye. Mtu akiandika na njaa huona milima kwenye ngozi."

"Basi aandike," akasema Targelia, na hapo hapo akaanza kulia na kumkumbatia Rosaura, aproni, karatasi na yote.

Hólger akaingoja ile kelele itulie, akainua mkono kidogo. "Kama nimesamehewa, basi koti si naweza..."

"Hapana!" ulijibu mtaa mzima, sauti ya mkewe ikiwa juu ya zote.

Basi likaungua. Maranda ni maranda, lakini lile koti lilichukua muda mrefu, kiwiko chenye kiraka kikiwa cha mwisho, na desturi ni kuuruka moto kwa ajili ya bahati, kwa hiyo Hólger Yerovi, na viatu vya mkewe, alijiruka mwenyewe mara tatu. Kesho yake aliandika kwamba kuna baridi, kwamba moshi wa kwanza ulichelewa na sababu inafahamika, na kwamba mlima haukuonekana. Juma hilo akaongeza habari ya watoto wa mbwa. Piedad alituma pesa za maziwa.

Jumapili nyama ilipoanza kuuzwa tena, saa mbili kamili, Targelia, Hólger na mimi tulikaa mezani kwa Rosaura. Rosaura alimkatia kipande cha ngozi kutoka mgongoni, kinene kama kigae cha sakafu, akamwekea sahanini, akabaki amesimama na kisu chake.

Hólger alikitazama. Kisha, polepole, akakishika kwa vidole viwili, akakiinua kuelekea kwenye mwanga.

"Thubutu," akasema Rosaura.