Hewa ya Juu ya Mpunga Wangu

Mwaka ule tembo walikuwa wameshakula nusu ya shamba langu la Mloka, na nusu iliyobaki ndiyo kwanza inaanza kuiva. Binti yangu, fundi wa simu pale Kibiti, akaniletea vidude viwili alivyoagiza nje. Kimoja cha kufunga kwenye uzi pembeni mwa shamba. Tembo akigusa uzi, habari inapita hewani, na cha pili kinalia dunguni ninapolindia.

"Ila kabla ya kuwasha, Mama, hewani kuna kibali."

Mimi kibali nakijua. Nikaenda kwa mtendaji wa kijiji, nikarudi na barua: mama huyu anaruhusiwa kutumia hewa ya juu ya shamba lake. Muhuri umekolea.

Binti yangu alicheka mpaka akakaa chini. "Kwani hewa ina majaruba kama shamba la mpunga, Mama?"

"Ardhi ni yangu. Ya juu yake ni ya nani?"

Akapiga simu ofisi ya mawasiliano, akaweka spika. Bwana wa huko akataka namba ya masafa iliyoandikwa mgongoni mwa kidude. Tukamsomea: mia tisa na kumi na tano.

"Hiyo ya Marekani, mama. Huko mtu anawasha bila kuomba. Ulaya wanatumia mia nane sitini na nane. Kila nchi imegawa kivyake. Hapa msiiwashe, mtaingilia simu za watu."

Nikashangaa. Hewa ninayoivuta tangu nizaliwe, kumbe imekatwa vipande kama shamba la urithi! Nikamuuliza aliyepima ni nani, na mawimbi yakifika mpakani yanajuaje. Alikuwa bado ananieleza salio likaisha.

"Mloka hii nani atajua?" binti yangu akanong'ona. "Tuwashe tu mpaka uvune."

"Tembo naye anaingia bila kuuliza. Ndiyo maana namlaani."

"Basi tuagize kingine. Kitafika mpunga umeshaliwa."

Hapo alisema kweli. Nikakigeuza kile kidude mkononi.

"Habari yenyewe haiwezi kupita kwenye waya?"

"Inaweza."

"Na waya wa shambani kwangu unaombewa kibali?"

"Hauombewi."

"Sasa hewani ulikuwa unanipeleka kufanya nini?"

Tukavuta waya siku mbili, tukafunga kengele dunguni. Ililia mara tatu. Kila mara nilipiga debe, na tembo wakageuka. Mpunga uliobaki niliuvuna, isipokuwa jaruba moja la chini. Ngiri ni wafupi, walipita chini ya uzi.