Umemnyang'anya Tambuu, Umempa Nini?

Siku moja kule Kigombe naikumbuka hadi leo, mjukuu wangu Zuhura. Mama yangu aliutupa chooni mfuko wa tambuu wa shangazi Mwanahawa. Shangazi alikuwa mjane. Kutafuna alianzia edani, shoga zake wakimletea ili asilie peke yake. Eda ikaisha, tambuu haikuisha. Mazoea yana taabu: akazidisha tumbaku hata akawa halali bila donge shavuni, fizi zimechubuka.

Mama alidhani amemtibu. Jioni shangazi akatetemeka, akatukana watu, akaenda kuomba tumbaku kwa majirani. Mama akapiga kelele kwamba wifi yake hana haya. Bibi yangu akamkata kauli:

"Wee mkamwana, umemnyang'anya tambuu, umempa nini? Mdomo unatafuna, mwenye njaa ni moyo."

Tangu hapo kila alasiri, saa ambayo kiu humshika, bibi alikaa naye wakisuka ukili wa mikeka. Mikono ikapata kazi, ulimi ukapata wa kumsimulia habari za marehemu. Tumbaku ikapunguzwa kidogo kidogo. Ikaja harusi, na kwetu sinia la tambuu halikataliwi, ni kumvunjia heshima mwenye shughuli. Shangazi akachukua, akaanguka tena. Nikajua leo atafukuzwa. Bibi akamwambia tu, "Kesho ukili uko pale pale."

Harusi iliyofuata bibi alikaa ubavuni mwake. Sinia likifika, analipokea yeye. "Nishapokea kwa wote wawili." Wanawake wakacheka: "Bibi mroho huyu!"

Sasa kaka yako Bakari anarudi Ijumaa kutoka nyumba ya waraibu wanaoacha unga, nawe umenunua kufuli, unaniambia: "Teja ni teja, bibi." Funga chumba, sikukatazi; aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Na unga si tambuu, unga unaua, hautolewi kwa ukili. Ndiyo maana daktari anamnywesha dawa kila asubuhi, usimhimize aiache. Lakini mshauri wake naye kauliza lile lile la bibi yangu: ulianza lini, ulikuwa unakimbia nini? Bakari alianza alipofariki baba yenu. Sote humu ndani tulimwambia mwanamume halii.

Basi mwanangu, mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Asubuhi fuatana naye kwenye dawa, msipitie kijiwe chake cha zamani. Jioni mpe kazi ya mikono, umpe na sikio. Akianguka, usimtukane: mwambie kesho dawa iko pale pale.

Mwenyezi Mungu akulainishe moyo, ampe kaka yako afya, wala asikose mtu ubavuni sinia likipita. Amin.