Tuta la Wapita Njia

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu Shabani, ni ile baba yangu aliporudi kutoka porini na asali, akaegemeza baiskeli ukutani, asifungue hata kamba moja ya mzigo. Nimekukalisha hapa nikusimulie siku hiyo kwa sababu umekuja na habari zako za kesho, na sitaki kesho ikukute hujui ulikotoka. Wewe ni mjukuu, najua, lakini nimekulea tangu hujaota meno, kwa hiyo mwanangu utabaki kuwa mwanangu. Kaa vizuri. Hiyo simu itie mfukoni, haitakufa.

Umeniambia kesho watu wa halmashauri wanakuja Kwihara kukaa na wananchi wapange mambo ya Shamba la Njiani. Wapo wanaotaka likatwe viwanja, wapo wanaotaka liwe shamba la kufundishia kilimo, wapo wanaosema wajengewe wageni mahali pa kupumzika wakija kuangalia mambo ya kale. Na umeniambia wametangaza kwamba yeyote ambaye mzazi wake aliwahi kupimiwa kipande mle ndani asimame aseme, na yeye atafikiriwa kiwanja. Unataka nisimame niseme kipande cha barabarani kilikuwa cha baba yangu. Haya, ni kweli, kilikuwa chake. Na najua umechoka kupanga chumba kule mjini, Ng'ambo, najua una mchumba na wazazi wake wanauliza utamweka wapi. Yote hayo nayajua, wala siyapuuzi. Sasa sikiliza.

Shamba lile halikuanza na sisi. Wazee wetu walisema lilikuwa shamba la mtemi, na watu walililima pamoja kwa ngoma, wamejipanga mstari, jembe linapanda na kushuka kwa mlio mmoja. Chakula chake kilikuwa cha njaa ikija, na cha watu waliopita na mizigo mabegani wakielekea Ujiji au wakirudi pwani. Baada ya Uhuru likawa la kijiji, tukaendelea kulilima vilevile. Na kila msimu, kabla hatujagusa kwingine, tulianza na matuta ya ukingoni mwa barabara. Hayo tuliyapanda viazi vitamu na tuliyaita tuta la wapita njia. Mtu yeyote akipita na njaa aliruhusiwa kufukua, akala, akafukia udongo vizuri ili vilivyobaki viendelee kukua. Kubeba kwenye mfuko hapana. Hakuna aliyelinda pale, na sikumbuki kumwona mtu akibeba.

Mimi wakati huo nilikuwa nimerudi nyumbani. Ndoa yangu ya kwanza ilikuwa imevunjika, nimerudi na mama yako mgongoni. Unajua mwanamke aliyerudi anavyoangaliwa. Hakuna anayekufukuza, lakini kila siku unaulizwa utakaa mpaka lini. Baba alikuwa na chumba kimoja na sebule, na shamba lake mwenyewe hakuwa nalo. Alikuwa mtu wa mizinga na asali, chakula chetu kilitoka Shamba la Njiani. Nilitamani kipande cha ardhi nikitie mihogo na kibanda, niweze kusema hapa ni kwangu. Nilikitamani mpaka nilikuwa nakiota.

Basi kiangazi kimoja, wanaume wengi wakiwa porini kwenye kambi za asali, mwenyekiti wetu akaitisha mkutano. Alisema kulima pamoja kumepitwa na wakati, ligawanywe, kila nyumba ipate chake. Tuliokuwepo tulikuwa wachache, wengi wetu tukakubali. Hata pumzi hatukuvuta. Vigingi vikapigwa kabla wiki haijaisha, na nyumba yetu ikapewa kipande cha ukingoni mwa barabara, kizuri kuliko vyote, kwa sababu mwenyekiti alimheshimu baba. Mwanangu, nilicheka peke yangu njia nzima. Nilikwenda pale nikasimama katikati ya vigingi vyangu nikajiona mtu.

Siku chache baadaye nilikuwa nimekaa kivulini mwa kichuguu, upande wa pili wa kipande, namnyonyesha mama yako. Akaja mwanamke kutoka upande wa magharibi, ana mzigo kichwani na mtoto mkononi. Akatua mzigo kwenye tuta la wapita njia kama walivyofanya watu siku zote, akainama. Halafu akaona kigingi. Akakishika, akakitazama, akaangaza huku na huku kama anayetafuta mwenye nyumba. Mimi sikumwambia kitu, na yeye hakuniona. Akajitwika mzigo wake, akamvuta mtoto, wakaenda. Nami nilijisemea moyoni, afadhali, naona watu wameshaelewa.

Jioni ile ndiyo baba alirudi na asali. Nikatoka mbio kumpa habari, hata shikamoo niliisema nusu. Nikamwambia tumepata kipande, tena cha barabarani, nikamwambia nitakavyopanda mihogo, na kibanda kitakaa wapi. Akanisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mtu wa maneno machache, na akikasirika yalipungua zaidi. Akasema njiani alikutana na mama mmoja na mtoto wake, wamekaa chini, mtoto analia njaa. Aliwapa sega la asali wakala. Akawauliza mbona hamkula viazi pale shambani, na yule mama akamjibu kwamba lile shamba limeshapata mwenyewe.

Baba akaniuliza, "Huyo mwenyewe ni nani?"

Akasema, "Mmegawana nyinyi mliokuwepo. Sisi wa porini hamkutungoja. Wa barabarani hamkuwauliza. Shamba lile lilikuwa la nani siku zote hizi, kama si la watu ambao hawapo?"

Nikalia. Nikamwambia yeye ana mizinga yake na pori lake, mimi nina nini? Nikamwambia anawahurumia watu asiowajua na mimi damu yake ananiacha nihangaike. Nilimtolea maneno makali, mwanangu, ya kumwambia mzazi hayafai. Hakunikemea. Alifungua mzigo, akaingiza asali ndani, akaoga, akala, akalala. Asubuhi alikwenda barabarani akang'oa vigingi vya kipande chetu kimoja kimoja, akavifunga kwa kamba ya baiskeli na kumpelekea mwenyekiti mlangoni kwake.

Mwenyekiti alimwona kama aliyemtukana. Walisemana, nasikia, ingawa sikuwepo. Lakini baba hakugusa kigingi cha mtu mwingine. Alisubiri wanaume wote warudi kutoka kambini, ndipo akawaomba wazee watoe ngoma. Watu wakaja na majembe, wengine kwa udadisi tu. Akalima kipande kile chote pamoja nao, kikapandwa viazi, chote kikawa cha wapita njia. Hapo waliokuwa porini wakaanza kuuliza na wao mbona hawakungojwa. Mabishano yakachukua msimu mzima. Wengi walirudisha vipande vyao, wengine hawakurudisha. Zile nyumba unazoziona upande wa bondeni, na duka lile la bati jekundu, ni vipande ambavyo havikurudi, na siwalaumu, walikuwa na shida zao. Kilichobaki ndicho hiki ambacho kesho mnakwenda kukipanga. Kingekuwa kimekwisha zamani, leo usingekuwa na ramani ya kunionyesha kwenye simu.

Na mimi je? Mimi sikupata kitu. Nilikwenda mjini, nikapanga chumba Ng'ambo kama wewe, nikawa nakaanga mihogo asubuhi na kuuza michembe kwa watu wa treni, viazi vya kukausha wanavyovipenda wakisafiri. Nilimchukia baba. Nakuambia wazi kwa sababu na wewe kesho unaweza ukanichukia, na sitaki udhani ni jambo geni. Nilikuwa nikija kumsalimia nakaa mlangoni, nakunywa maji, naondoka.

Haikuwa njaa wala balaa lililonigeuza, usitegemee kisa kikubwa. Miaka kadhaa baadaye walipita watu waliokuwa wakikimbia vita kwao, wametokea upande wa Kigoma. Nilikuwa nimekuja kumwona baba, nikasimama barabarani. Mzee mmoja mtu mzima sana, nguo zimemchakaa, alikuwa amefukua kiazi akala. Halafu akapiga magoti akaanza kufukia. Alifukia udongo kwa viganja, akaushindilia taratibu, akapangusa mikono, akaitazama kazi yake kama imekaa sawa. Mtu hana nyumba, hana nchi, na ameona ni wajibu wake kuacha tuta likiwa zima kwa ajili ya atakayefuata. Nilimwona, na nikaona haya kwa sababu ya mambo niliyokuwa nayasema. Nilikwenda kwa baba, siku hiyo nikaingia ndani nikakaa.

Sasa nisikilize kwa makini, maana hapa ndipo ninapokupa neno lenyewe. Mimi sikatai shamba lipangwe. Kama wataliacha lilivyo, majani yatalimeza, kwa sababu watu wa kulima kwa ngoma wamebaki wachache na magoti yetu yamekwisha. Wakitaka kuleta vijana wafundishwe kilimo pale, vizuri. Wakitaka kuchimba kisima, vizuri zaidi. Hata wageni wenye kamera waje, wakae, wale, maana wageni walikuwa wanapita pale tangu zamani. Lakini kesho ukikaa kwenye kile kikao, anza kwa kuuliza nani hayupo. Waulize watu wa asali wamerudi? Kama hawajarudi, ombeni siku nyingine, hata halmashauri ikinuna. Waulize wale wa bodaboda wanaopumzika pale mchana, watoto wanaotoka shule, akina mama wanaotoka sokoni kwa miguu kwa sababu nauli imewaishia. Hao ndio wapita njia wa leo. Wekeni kwenye hiyo ramani mahali pao, na pasiwe pembeni nyuma ya choo; pawe barabarani, mahali pake pa siku zote. Na mtu akikuambia waliokuwepo wamekubali, muulize hao waliokuwepo walikuwa wangapi.

Tena usijidanganye kwamba jambo zuri halina maumivu. Baba alininyima kitu nilichokihitaji kweli, hakuninyima anasa. Nilihangaika kwa kukikosa. Mtu akikuambia haki ya wote haimuumizi yeyote, huyo hajawahi kuitoa mfukoni mwake.

Kwa hiyo kesho nitasimama. Nitasema ndiyo, kipande kile kilikuwa cha baba yangu, na yeye alikirudisha, na mimi binti yake sina dai. Najua ninachokunyima, Shabani. Ninakijua kuliko watu wote watakaokuwa pale. Lakini baba hakuniuliza. Siku zile mzazi haulizi. Mimi nakuuliza. Ukiona nimekosea, simama mbele ya watu unipinge, sitakukasirikia wala sitakununia. Ila usinipingie kule ndani kwenye viti. Toka uende barabarani, usimame pale kwenye matuta, upinge ukiwa unawatazama wanaopita usoni.

Ukiweza kufanya hivyo, basi umenishinda, nami nitakwenda kusema kiwanja ni chako.

Mungu akupe ardhi yako, mwanangu, kwa njia yako mwenyewe, mahali ambapo hakuna mpita njia aliyegeuka na njaa kwa sababu yako. Akupe mke mnayeelewana naye, na watoto watakaokubishia bila kukuvunjia heshima. Na mimi aniache nikufikie huko, nije nikufagilie uwanja siku ya kwanza, nikae mlangoni mwako nikisubiri nani atapita nimkaribishe.