Radi na Mifuniko ya Mapipa

Wodini walimwita Radi, na jina lilimkaa sawasawa. Kwa miaka kumi na mmoja alisafisha chumba cha wagonjwa mahututi, na kila alipotoa taka aliuachia mfuniko wa pipa la bati uanguke: paaa! Haukuwa ukorofi. Msimamizi wake wa kwanza alimfundisha kwamba mfagiaji asiyesikika huandikwa mtoro. Mimi ni karani wa wodi hiyo, na kwa kweli nilikuwa nikisikia paaa ya kwanza ndipo natia alama kwamba amefika kazini.

Kisha dada yake mkubwa akalazwa kitanda cha nne, mapafu yamejaa maji. Radi alimnunulia kandambili mpya, akamwonyesha: "Za kutokea hapa hizi." Siku ya tano mashine ya kupumulia ikaondolewa, lakini usingizi ukagoma. Siku mbili mgonjwa alikodoa macho, akivuta mirija, akilia kwamba kuna watu wanavunja mlango. Hakumtambua hata mdogo wake.

Daktari hakuficha. "Asipotulia hadi jioni, tutamlaza kwa dawa na kumrudisha kwenye mashine. Sijui kama atatoka tena."

Asubuhi ile Radi alitoa taka, akaachia mfuniko. Dada yake akashtuka mwili mzima. "Wamerudi! Wanavunja!" Kwenye skrini, mapigo ya moyo yakaruka kutoka tisini hadi mia na ishirini.

Radi akautazama mfuniko, akaitazama skrini. Akaja mezani kwangu, uso umemshuka.

"Karani, hao wavunja mlango ni mimi."

"Si wewe peke yako," nikamwambia. Tulikaa tukahesabu. Kati ya saa mbili na saa nne, mapipa matano yaligonga mara thelathini na tisa. Wauguzi na madaktari nao walikuwa wakiachia tu.

Radi akainuka. Alizitoa zile kandambili mpya, akazikata vipande vyembamba, akavifuta kwa spiriti na kuvibandika kwa gundi kwenye kingo za mifuniko. Muuguzi mkuu akamkuta amepiga magoti.

"Radi, umegeuka fundi viatu?"

"Naziba midomo, Sista. Nikimaliza mapipa nakuja kwenu."

"Na vijidudu je?"

"Raba inafutika kuliko bati lenye kutu. Nipe hadi jioni tu. Ikishindikana, nitabandua kwa meno yangu."

Sista akatazama kitanda cha nne. Kisha akaenda kupunguza mlio wa simu ya mezani, na waliokuwa wakiitana kutoka pembe hadi pembe akawaonyesha kidole mdomoni.

Saa saba mchana, kitanda cha nne kikaanza kukoroma. Kwa mara ya kwanza wodini, kelele ikatufurahisha.

Saa kumi na moja daktari akaingia na karatasi ya kibali cha kumrudisha mgonjwa kwenye mashine. Mgonjwa akafumbua macho taratibu, akamtazama Radi.

"Mdogo wangu, kandambili zangu ziko wapi?"

"Zimevaliwa na mapipa, dada."

"Ala! Hata mahututi unanidhulumu?"

Daktari akaikunja karatasi, akaitia mfukoni, akacheka kimyakimya.

Siku ya tisa alitoka kwa miguu yake, kandambili nyingine miguuni, Radi kamshika mkono, wauguzi wamejipanga mlangoni wakipiga makofi kwa vidole viwili viwili. Wodi nyingine tatu zimeshamwita Radi awabandikie raba. Nami siku hizi, nikitaka kujua kama yuko kazini, nanyanyuka nikatazame.