Baba wa Ndama wa Majimoto

Miaka ya tisini nilifika Majimoto kuchukua damu ya ng'ombe kwa utafiti wangu wa jenetiki. Nilikuwa na digrii tatu na majivuno ya kujaza zizi. Mama Kabula, mwenye mifugo, alipotaka kunieleza ukoo wa ndama wake mwenye baka jeupe, nilimkatiza.

"Mama, hayo niachie mimi. Jeni hazidanganyi."

Nikaonyesha ng'ombe mkubwa mwenye baka kama lile, nikawahutubia majirani waliokuja kutazama jinsi dume huyo alivyomrithisha mwanawe, nikaandika daftarini: baba.

Mama Kabula alisubiri nimalize.

"Mwanangu, hebu inama uangalie nyuma. Huyo ni maksai wetu wa kulimia. Tulimhasi hata kabla mama wa huyo ndama hajazaliwa."

Nikainama, mtaalamu mzima, watu wote wakinitazama.