Adero Alipozima Moto Wake

Adero alikuwa mama wa Kano, upande wa Ahero, na hajazaliwa mtu wa kumwambia keti akaketi. Mumewe alipokufa aliacha nyumba mbili: ya Adero, mikayi, yaani mke wa kwanza, na ya Selpha, mke wa pili. Katika boma lile mikayi ndiye huanza. Kama ni kupanda, mbegu yake iingie kwanza. Kama ni kujenga, jiwe lake litangulie. Hata Selpha, na mdomo wake ule wa wembe, hakuthubutu kumpita.

Sasa mwaka wa themanini na nane watu wakakubaliana kujenga daraja juu ya mto Nyaseme, ule unaokauka kama kigae, halafu mvua ikija unabeba ng'ombe. Magogo ya blugamu yakakatwa, mawe yakarundikwa. Hakuna aliyelitaka daraja lile kumshinda Adero. Mvua iliyopita, Lornah, mke wa mwanawe Oduor, alishikwa na uchungu mto ukiwa umefura. Walikaa ukingoni wakiangalia maji, mtoto akafia palepale, upande usio na hospitali. Sasa Lornah alikuwa mzito tena, na mawingu yalikuwa yanajikusanya juu ya milima ya Nandi.

Lakini kazi haikuanza. Mahali pa daraja palikuwa shamba la marehemu, kwa hiyo mikayi ndiye wa kuweka jiwe la kwanza. Na Adero alikuwa mjane aliyekataa kurithiwa na ndugu wa mumewe. Joram, shemeji yake, mwenyekiti wa kamati, alisema jiwe la mjane kama huyo litaleta chira, laana ya kumaliza watu.

"Shemeji, koti langu tu lilale kwako," akamwambia mbele ya watu, maana koti la mwanamume likilala kwa mjane, huhesabiwa amerithiwa. "Kesho tunaanza kazi."

"Nyumba yangu haina msumari wa koti," Adero akajibu. "Mpelekee mkeo kwanza alishone vifungo."

Watu wakacheka, lakini kicheko hakikubeba gogo hata moja.

Tangu hapo Adero hakutulia. Aliteka maji, akayamwaga, akaenda kuteka mengine. Alipalilia mahali alipokwisha kupalilia. Alikwenda mtoni kutazama mawe, akarudi, akifika mlangoni akageuka tena. Wanawake kisimani walinyamaza akikaribia, mpaka mmoja akashindwa: "Mama Oduor, hicho kiburi chako ndicho tutavukia?" Lornah mwenyewe alikaza tu leso yake tumboni, na hiyo ndiyo iliyomchoma Adero.

Siku ngurumo ya kwanza iliposikika, aliingia jikoni akamwaga maji juu ya moto. Akang'oa mafiga moja moja, akayatia kwenye karai, akajitwika hadi mtoni, ambako watu wa kamati walikuwa wanabishana.

"Mzee Dishon," akamwambia mkubwa wa boma, "nyumba isiyo na moto ni nyumba?"

Dishon akajikuna shingo. "Mwenyewe akizima moto akaondoka, hiyo imefungwa. Tunairuka, tunakwenda kwa inayofuata."

"Basi irukeni. Mimi naenda mjini, Nyalenda, kwa dada yangu. Joram, koti lako livae, baridi inakuja."

Akatupa mafiga kwenye rundo la mawe. Kisha akamgeukia Selpha, ambaye alikuwa amesharithiwa na binamu wa marehemu, na neno alilomwambia lilikuwa zito kuliko karai. "Mke mwenzangu, anza wewe."

Selpha akainama, akachagua jiwe.

Huko Nyalenda dada yake, Apiyo, alimchoka. Mvua ikigonga mabati, Adero yuko mlangoni. Mtu akitoka Ahero, anamshika mkono: magogo yamelazwa? Mmoja anasema ndiyo, mwingine hapana.

"Dada, utanitoboa sakafu," Apiyo akalalamika.

Mwisho Oduor akaja kumwambia Lornah amejifungua hospitali na amesharudi nyumbani. Adero hakuuliza ni msichana au mvulana.

"Alipitia wapi?"

"Juu ya daraja, mama."

Akafunga kifurushi chake.

Nyaseme ulikuwa unanguruma, rangi ya chai ya maziwa. Adero alivuka akijaribu kila gogo kwa kisigino. Ng'ambo aliona mahindi ya Selpha yameshachomoza, na shamba lake yeye, la mikayi, liko tupu. Akapita.

Akamshika mjukuu kidogo, akamrudisha kwa mama yake. Bado jiko lake lilikuwa baridi, na moto uliozimwa hivyo huombwa kwa jirani aliye na moto. Akasimama mlangoni pa Selpha.

"Nipe moto."

Selpha hakuharakisha. Alichagua kaa, akaliweka kwenye kigae. "Daraja nilianza mimi."

"Ulianza. Gogo la katikati linacheza."

"Wakati tunalifunga wewe ulikuwa Nyalenda."

"Ndiyo. Una kamba?"

Selpha akamtazama, akaingia ndani kuitafuta. Adero akapanga mafiga mapya jikoni kwake, akawasha moto, na maji ya chai hayajachemka alikuwa ameshashuka tena mtoni, kamba begani, na Selpha nyuma yake akibishana.