Kabureta Mbili Zilizomleta Mama Mkwe Misikhu

Cheko la kwanza acheni nicheke mwenyewe, kwa sababu kule Kibabii kwa wakwe zangu wameshanicheka hadi wamechoka, na mimi mpaka leo nikipita soko la Misikhu navuta kofia hadi puani.

Mnalijua gari langu, lile la mgongo wa kobe aliloniachia marehemu babu, injini nyuma, inapozwa na upepo tu wala haijui maji (kuna mhudumu wa petroli hapa Kitale ambaye bado anaitafuta rejeta). Kabureta yake moja, ile inayochanganya petroli na hewa, nilikuwa nimeitoa nikaweka mbili, kila upande na yake, na asubuhi ile ya kupeleka posa kwa kina Nasimiyu liliondoka Kitale likiimba. Nimevaa suti mpya iliyonibana kidogo, kando yangu Mjomba Wanjala, msemaji wetu. Sasa, Baba Nasimiyu alikuwa ameshatangaza kwamba hataki mkwe wa mzaha, kwa hiyo mimi nikataka tuingie kwake na injini inayonong'ona, na tulipofika Misikhu nikaisikia imekohoa. Mara moja tu. Mtu mwenye akili angeongeza redio.

"Mjomba, dakika mbili tu, niguse taimingi."

"Si gari inatembea? Wachana nayo, bana."

Sikuachana nayo. Nikalegeza bolti ya distribyuta, ile inayoamua plagi ziwake wakati gani, nikaizungusha kidogo bila kuweka alama mahali ilipokuwa (fundi yeyote angenizaba kofi), na gari likazima. Nikapeleka kulia, kimya. Nikapeleka kushoto, likapiga chafya. Nikarudi, nikapitiliza, nikarudi tena, mpaka sikujua nilianzia wapi. Lilipokubali kuwaka lilitetemeka kama mbuzi aliyenyeshewa, nami badala ya kukiri kosa nikazisingizia kabureta, ati moja inavuta hewa kuliko mwenzake.

Kuzisawazisha bila kifaa unahitaji kipande cha mpira wa maji: ncha moja sikioni, nyingine mdomoni mwa kabureta, unasikiliza inavyofyonza, unahamia ya pili, unageuza skrubu mpaka zifyonze kwa sauti moja. Basi nikainama, mpira kwenye sikio hili, kidole kwenye lile kuzuia kelele za soko, pua ya gari ikitazama maduka na matako yangu yakitazama barabara, na ndiyo maana sikusikia suruali ikiachana na mshono, wala sikumsikia Mjomba akipokea simu ya Baba Nasimiyu.

"Tumekwama hapa Misikhu," Mjomba alimwambia. "Ni mambo ya kabuleta." (Kwetu l na r hubadilishana viti bila kuombana ruhusa.)

"Kaburi?"

"Eeh, mbili. Kijana mwenyewe ako chini, hata hasikii kitu."

Hapo simu ya Mjomba ikaisha chaji, naye akaenda zake kununua ndizi.

Mimi niliendelea na skrubu zangu, sijui kwa muda gani, hadi injini ikaanza kutulia. Nikafurahi. Nikasema acha niiguse distribyuta mara ya mwisho tu, na mpira bado uko sikioni, na kabureta ikatema PAAA! ndani ya mpira hadi kwenye ubongo. Nikaruka kinyumenyume, uso mweusi, suruali wazi, nikatua mikononi mwa mtu.

"Ako hai! Yesu wangu, mtoto ako hai!"

Nikageuka. Alikuwa Mama Nasimiyu, machozi tele, kanga kiunoni, nyuma yake pikapu imejaa kina mama waliokuja kuchukua maiti wakiwa wameshaanza kulia tangu Webuye. Na alikuwa amenikumbatia. Jamani, kwetu Wabukusu mkwe na mama mkwe hawapeani hata mkono, akishika njia hii wewe unashika ile! Mama akajiona, akanisukuma, akajifunika uso kwa kanga, na mimi nikafunika nilichoweza kwa sufuria ya muuza maandazi.

Tulifika Kibabii tukikokotwa na ile pikapu. Baba Nasimiyu hakuniangalia. "Posa ingoje," alisema, "kwanza nijue hii aibu inaondolewa aje." Nilimwona Nasimiyu mlangoni, macho mekundu, haelewi alie kwa sababu nimekufa au kwa sababu sikufa, na nakiri niliogopa kweli kwamba nimempoteza kwa robo mzunguko wa distribyuta.

Aliyeniokoa ni shangazi yao mkubwa. "Huyu tumeshamlilia," alisema. "Chai ya matanga iko kwa moto. Sasa mkimfukuza mtamwambia nini, akafe tena?"

Mzee alijaribu kununa, bega likamsaliti, akacheka hadi akashika kiti. Posa ikajadiliwa juu ya chai ya matanga yangu mwenyewe, na kabla ya yote nikaambiwa nimletee Mama blanketi na mbuzi wa kuondoa aibu.

Nimeoa, tunaishi vizuri. Lakini gari likikohoa siku hizi naongeza redio, na nikikwama njiani nikipigia Kibabii nasema tu, "Ni pancha." Hata kama ni kabureta. Hasa kama ni kabureta.